Kwa Bibi, Kuhusu Aliyevaa Sweta Lako

Bigwa, Morogoro

Bibi, somo yangu,

Shikamoo. Ulikuwa ukiidaka shikamoo yangu hewani kabla sijaimaliza: "Marahaba, somo, umekula?" Nimekula, Bibi. Nimekula magimbi ya jana na chai ya rangi, na sasa nimekaa barazani kwako, pale palipokuwa na kinu, nakuandikia.

Shuleni walitufundisha kwamba barua ya ndugu huanza kwa kuuliza hali ya anayeandikiwa. Hali yako siwezi kuiuliza. Yangu ndiyo iliyonikalisha hapa: nimechanganyikiwa, na katika watu wote ninaoweza kuwashitakia, uliyebaki ni wewe, nawe ndiwe chanzo.

Ngoja kwanza nikwambie mjukuu wako amekuwa nani, usije ukadhani unaandikiwa na mgeni. Mtoto yule uliyempa jina lako, uliyekuwa ukimwita somo kama mwanamke mwenzio, yuko mwaka wa mwisho wa chuo kikuu, hapa hapa chini ya milima yetu. Wenzangu wananiita Kipaza, maana nikisimama kwenye baraza la wanafunzi sihitaji kipaza sauti. Nimeupigania mgao wa maji mabwenini mpaka wakubwa wa chuo wakafunga madirisha wasinisikie. Nimesimama juu ya meza ya kantini nikauliza: ni nani aliyeamua kwamba maisha ya mnyonge hayastahili kuandikwa? Mama husema ulimi huu ni wako. Sikuwahi kumbishia. Leo sijui tena kipi ni chako na kipi si chako, na hilo ndilo jambo lenyewe.

Maktaba ya hapa mjini imeanzisha huduma mpya. Unapeleka picha zako za nyumbani na kanda zako za video, wanazihamishia kwenye kompyuta, unaondoka nazo kwenye flashi. Ukiridhia, nakala hubaki kwao, ili wajukuu wa watu wengine nao waone jinsi Morogoro ilivyoishi. Wametenga chumba kidogo nyuma ya rafu za magazeti. Pana skana, pana kompyuta, na pana deki ya video waliyopewa na familia moja ya Kihindi iliyokuwa na duka la kukodisha kanda, enzi ambazo watu walikodi kanda. Msimamizi wake anaitwa Dada Rehema. Ana sauti ndogo na mikono isiyo na haraka.

Nilipoisikia habari hiyo, damu yangu ilichemka kwa furaha. Nilisema, hii ndiyo haki tuliyokuwa tukiidai! Wenye nacho wana picha zao ukutani, wana albamu zenye karatasi laini, wana watoto wao wakizima mishumaa ya keki. Sisi je? Sisi ambao mama zetu waliifuma milima hii kwa majembe, tuna nini cha kuonyesha kwamba walipita? Niliingia pale na hotuba tayari kichwani, na mkononi nimebeba picha yako.

Unaikumbuka picha hiyo? Ni moja tu uliyowahi kukubali. Ulipigwa studio mjini, umekaa kitini, mikono magotini, umenuna kwa sababu mpiga picha alikwambia utabasamu. Bati lilivuja juu ya ukuta ule misimu mingi, na sisi tulikuwa tukihamisha vitanda, hatukuhamisha fremu. Dada Rehema alipoifungua tulikuta mikono ipo, magoti yapo, hata maua ya pazia la studio yapo. Uso umeliwa na ukungu. Palipokuwa na macho yako pana doa la rangi ya chai.

Niliitazama ile picha nikajaribu kulijaza lile doa kwa kumbukumbu. Bibi, nilishindwa. Nilikumbuka sweta lako la kijani, lile lenye kifungo kimoja chekundu ulichokishona kwa uzi mweusi baada ya cha asili kupotea. Nilikumbuka moshi wa kuni kwenye kanga yako. Nilikumbuka asubuhi za kipupwe ulipokuwa ukitazama Uluguru imefunikwa na wingu na kusema, "Mlima umejifunga kilemba, leo hatuaniki kitu." Nilikumbuka ulivyokuwa ukiwapigia kelele kuku wa jirani: "Nyie, hamna kwenu?" Sauti nilikuwa nayo, harufu nilikuwa nayo. Uso sikuwa nao. Mimi, niliyepewa jina lako, nisingeweza kukutambua kama ungepita mbele yangu barabarani.

Tangu dakika ile nilitaka jambo moja tu. Nilitaka kukuona.

Ndipo nilipokumbuka sanduku la bati chini ya kitanda cha Mama. Mjomba Shabani alikuwa na kamera ya video siku zake za ujana, kabla hajaenda kulima mboga Mgeta. Alikuwa akipiga harusi za watu. Kanda zake zimelala mle sandukuni, nyingi hazina maandishi. Sikumwuliza yeye wala sikumwuliza Mama. Nilitaka iwe zawadi ya kuwashitua. Nilizibeba zote kwenye mfuko wa kitenge, nikazipeleka kwa Dada Rehema.

Harusi, harusi, ubarikio wa jirani mmoja, harusi. Halafu siku moja Dada Rehema akaniita kwa ile sauti yake ndogo: "Mwanahawa, njoo uone, huyu si wa kwenu?"

Kwenye kioo palikuwa na ua huu huu ninaoutazama sasa. Turubai limefungwa kwenye mwembe wa jirani na kwenye nguzo ya jiko. Wanawake wamekaa kwenye mikeka, vyungu vikubwa viko motoni, na katikati yao, akitembea huku ameinama, mkono mmoja kiunoni, akichechemea, ni mwanamke aliyevaa sweta la kijani lenye kifungo kimoja chekundu.

Nilipiga ukelele. Watu waliokuwa wakisoma magazeti walisimama.

Kanda ile imechoka, Bibi. Rangi zimevuja, mistari inapita juu ya picha kama mvua, na sauti imekufa kabisa. Unasikia mvumo tu. Kanga imemfunika yule mwanamke kichwa na nusu ya uso. Lakini nilimwona akionja mboga na kukunja uso. Nilimwona akipangusa mdomo kwa nyuma ya mkono. Nilimwona akiwageukia kuku, akaipunga kanga, na midomo yake, naapa, midomo yake ilisema: nyie, hamna kwenu? Na watu wote pale walikuwa wakicheka. Nilijiambia: hii ni shughuli, ni sherehe fulani niliyokuwa mdogo mno kuikumbuka, na hivi ndivyo bibi yangu alivyopendwa. Kisha kanda inakatika ghafla. Nilidhani betri iliisha.

Niliiomba maktaba iniwekee ile kanda kila nilipotoka darasani. Nilikutazama mpaka nikakuzoea upya. Nilijifunza uso wako, Bibi, kwa bidii kuliko nilivyowahi kujifunza somo lolote. Nilikaa mbele ya kioo nikakusoma: taya, pua, pembe ya jicho. Na kile kilichokuwa doa la chai kikapata macho.

Maktaba iliandaa ukuta wa picha za nyumbani, watu wa mjini waje kuona. Nilichagua kipande kimoja kutoka kwenye ile kanda, wewe ukipunga kanga. Pembeni palikuwa na watu wengine, nikawakata ili ubaki peke yako. Wakaichapa kubwa, wakaandika chini yake: "Bi Mwanahawa, mkulima wa Bigwa." Siku ya kufungua ukuta ule nilipewa nafasi ya kusema. Bibi, nilisema! Nilisema kwamba picha ni ushahidi, na mnyonge asiye na ushahidi huandikiwa historia na mwingine. Nilisema, "Mtazameni! Huyu ndiye. Hakuna atakayetuambia kwamba hakuwepo." Watu walipiga makofi. Mzee mmoja alifuta miwani yake. Nilitoka pale nikihisi nimekutoa kaburini kwa mikono yangu miwili.

Jumapili iliyofuata Mjomba Shabani alishuka kutoka Mgeta na magunia yake ya karoti, akapitia nyumbani. Nikaona Mungu amenipangia. Nilichomeka flashi kwenye televisheni, nikamkalisha Mama katikati, nikatoa utangulizi mfupi (Mama anasema haukuwa mfupi), nikabonyeza. Nilikuwa nimeshika leso kwa ajili ya machozi yao.

Mjomba ndiye aliyeanza. Alitoa sauti kama mtu aliyemeza mwiba. Kisha akapiga paja. "Lahaula! Si Tatu huyo?"

"Tatu gani?" nikauliza.

"Tatu mtani! Tatu wa Mgeta! Dada, hebu mwone anavyojibinua!"

Nikamgeukia Mama nikitegemea amkaripie. Mama alikuwa ameegemea ukuta, upindo wa kanga mdomoni, mabega yakimtetemeka. Alikuwa anacheka. Mama yangu, ambaye hawezi kulitaja jina lako bila kunyamaza kwanza, alikuwa anacheka mpaka machozi. "Mwanangu," alisema alipopata pumzi, "umempeleka Tatu maktaba!"

"Tena ukutani!" akadakia Mjomba. "Mwanamke hajui hata kuandika jina lake, leo amewatangulia wasomi. Atatutoza kodi ya ukuta huyo, mtaona."

Sikucheka. Nilisimama nimeshika rimoti kama mtu aliyeshika mkono wa mlango usio na nyumba. Polepole wakanieleza, kila mmoja akimkatiza mwenzake. Ile haikuwa sherehe. Yalikuwa maziko yako. Lile turubai lilikuwa turubai la msiba, vile vyungu vilikuwa vya wafiwa. Bi Tatu ni wa ukoo wa watani wetu, na desturi yetu Waluguru ni hiyo: mtu akifa, mtani wake huingia chumbani, huvaa nguo za marehemu, hutoka mbele ya waliofiwa akitembea kama yeye, akisema kama yeye, akiwatukana kama yeye. Na kanda haikukatika kwa sababu ya betri. "Jeneza lilikuwa linatolewa," Mjomba alisema, na kicheko kikamtoka usoni. "Nikaizima."

Nilijua habari za utani, Bibi. Niliandika hata insha juu yake mwaka wa kwanza, nikanukuu wataalamu, nikasifiwa na mwalimu. Nilijua maana yake, kazi yake, asili yake. Na utani wenyewe ulipoletwa mbele yangu nikaona watu wanacheka, nikasema: hapa hakuna msiba. Mluguru mimi! Mgeni wa mbali angeweza kukosea hivyo, angesamehewa. Mimi nina udhuru gani? Nao ninao mmoja tu: siku ile mimi sikuwepo. Nilipelekwa Mafiga kwa mama mkubwa asubuhi na mapema, nikaambiwa umepanda Mgeta kuvuna viazi na utarudi na lori la mboga. Nikayangoja malori. Kila lililopita barabarani limejaa kabichi nililikimbilia. Sikumbuki ni lini niliacha kukimbia.

Sasa sikia balaa lililonipata. Nilipojua kwamba yule si wewe, nilifumba macho ili nimwondoe. Hakuondoka. Nikifikiria baraza hili, yeye ndiye aliyekaa. Nikifikiria mkono ulionifunga kanga kifuani asubuhi za baridi, mkono huo unaishia kwenye uso wa Bi Tatu. Nilikwenda maktaba nikiwa na doa. Nimerudi na uso wa mtu mwingine. Ni lipi bora? Mtu asiye na picha ya bibi yake ana pengo, na pengo angalau ni mali yake. Mimi pengo langu limekaliwa.

Nikajaribu kukutafuta kwa walio hai. Nilimwuliza Mama: Bibi alikuwa anachechemea mguu gani? Akasema wa kushoto. Nikamwuliza Mjomba. Akasema, "Mama yetu? Hakuwahi kuchechemea maisha yake yote, alikuwa anapanda mlima kama mbuzi." Wakaanza kubishana wao kwa wao, wazee wazima, waliotoka tumbo moja, juu ya miguu ya mama yao. Na mimi, Bibi, nakumbuka wazi kabisa tukienda mtoni, mkono wangu umeshika kiuno chako, na kiuno hicho kikipanda na kushuka, kikipanda na kushuka. Niseme kumbukumbu hii ni yangu, au nimeichota kwenye kioo cha maktaba?

Nikakasirika. Hasira ni nchi ninayoijua njia zake. Niliamua kwenda Mgeta kumkabili Bi Tatu. Nilidandia lori lililokuwa likirudi tupu baada ya kushusha mboga, na njia nzima nilipanga maneno: heshima ya marehemu, utu wa mwanamke, aibu ya kumfanyia mzaha aliyefunikwa sanda. Lori liliniacha chini, nikaanza kukipanda kile kinjia kilichosimama kama ngazi kati ya matuta ya kabichi. Ukungu ulikuwa umeshuka. Na juu yangu, ndani ya ule ukungu, ameinama tutani na kunipa mgongo, palikuwa na mwanamke mzee aliyevaa sweta la kijani.

Bibi, nilisimama pale pale kinjiani. Waliniambia uko Mgeta. Waliniambia hivyo nikiwa mtoto, nikaamini, kisha nikakua nikaambiwa ule ulikuwa uongo wa kumtuliza mtoto. Na sasa nimepanda Mgeta na wewe uko pale, unavuna. Kwa kitambo ambacho siwezi kukipima, nilikuwa naukaribia ukweli wa ule uongo, na sikutaka ageuke.

Aligeuka. Ulikuwa uso niliousoma, umezeeka.

"Shikamoo Bi Tatu," nikasema.

"Shikamoo zenu hizo ni za kuombea karoti," akajibu. Kisha akanitazama vizuri, akaweka mkono kiunoni. "Alaa! Huyu ndiye Mwanahawa mdogo? Mbona mbaya hivi? Somo yako alikuwa mzuri hata siku namwosha maiti."

Nilitoa hotuba yangu pale pale, nimesimama mtaroni. Ilikuwa hotuba nzuri. Bi Tatu aliendelea kung'oa vitunguu huku akiitika "ehe" na "ndiyo mama" kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Nilipomaliza akasema, "Umechoka? Haya, beba hicho kikapu, twende tukanywe chai. Wafiwa hamkosi njaa."

Jikoni kwake, bila kuulizwa mara ya pili, alinisimulia. Sitapamba, nayaandika kama alivyoyatoa.

"Mama yako hakulia siku ile. Alikaa ukutani tangu alfajiri, macho makavu, hali, hanywi, haongei. Wanawake wakaanza kuogopa. Mie nikaingia ndani, nikatia sweta, nikatoka nikamwita kwa lile jina la utotoni alilokuwa akiitwa na mama yake peke yake. Nikamwambia, 'Umejikalia kama mgeni, kuku wanamaliza mahindi!' Basi, mwanangu, akainuka! Anainuka kweli kuwafukuza kuku! Kafika nusu, ndiyo akakumbuka. Akacheka. Akacheka, kisha akaanguka akalia mpaka wakamshika watu wanne. Na mie hapo ndiyo nikapewa chai."

Nilimwuliza juu ya kuchechemea. Akaangua kicheko. "Hiyo nilitia chumvi! Bibi yako wiki ile alichomwa na mwiba, mie nikamfanya kiwete kabisa. Watu wakaipenda, nikazidisha."

Mwiba wa wiki ile. Basi safari yangu ya mtoni, ile ninayoikumbuka, ni ya wiki ile? Inawezekana kwamba katika maisha yako yote mimi nimebaki na siku chache tu za mwisho, nyingine zote zimeliwa na ukungu? Au Bi Tatu naye amesahau, anatunga? Wakati anaongea alikunywa chai, akapangusa mdomo kwa nyuma ya mkono. Nilishituka. Kitendo kile nilikuwa nimekipenda kwenye kanda, nilikuwa nimekiita chako. Kilikuwa chake. Nikakichukua nikakiondoa kwako, taratibu, kama mtu anayeng'oa uzi kwenye nguo asiyotaka kuichana.

Na hapo, nikiwa na kikombe mkononi, nilielewa jambo ambalo bado silielewi vizuri. Kwenye ile kanda wamo watu wawili ndani ya sweta moja. Nikimjua Bi Tatu sawasawa, anavyotembea akiwa peke yake, anavyogeuza shingo, anavyoshika kiuno, nitaweza kumtoa humo kipande kwa kipande. Na kitakachobaki, kile asichokuwa nacho yeye, kitakuwa wewe. Hesabu hii ni sahihi? Sijui. Hakuna somo la chuo kikuu linalofundisha kumtoa mtu ndani ya mtu.

Nilimwomba anirudishie sweta. Akanitazama kama niliyetukana. "Nguo aliyoitwaa mtani msibani hairudi, hukufundishwa? Nami baridi hii nivae nini, hotuba yako?" Kisha, kwa mara ya kwanza, hakuwa akitania. "Nikifa, zamu ni ya ukoo wenu. Kila nikifikiria nani atavaa nguo zangu atoke akiwa mimi, simwoni. Mama yako magoti hayamo. Vijana wenu wanakuja misibani na simu. Niende hivi hivi kimya kimya, kama mtu asiye na watani?" Akalipiga lile sweta kifuani, hapo kwenye kifungo chekundu. "Wewe una mdomo. Litakuwa pale kwenye msumari. Utalitia, utatoka, utawatukana wanangu vizuri. Na ukiniigiza vibaya, wallahi, naamka."

Nilimaliza chai, nikaaga. Niliposhuka, nilimfuata kwa macho mpaka ukungu ukamfunika, na nilikuwa nimeshaanza: bega lake la kulia hutangulia.

Nimerudi kwa Dada Rehema. Sikuwa na hotuba. Nilimwambia ukweli, akaziba mdomo, macho yake yakacheka, kisha akaomba radhi. Akaniuliza: picha tuishushe au tubadilishe maneno? Bibi, mimi ambaye nimewaamrisha wakubwa waseme ndiyo au hapana, nilisema: subiri. Nikamwomba anifungulie kipande chote, kile nilichokikata. Akafungua. Na pale pembeni, pale nilipopaondoa ili ubaki peke yako, alikuwa Mama, ambaye sikuwahi kumtazama kwa kuwa macho yangu yote yalikuwa kwako. Msichana mwembamba, kanga imemteleza, goti moja mkekani na jingine limeshainuka, mkono mbele. Anainuka kuwafukuza kuku. Kamera ilimpata katika ile nusu, kabla hajakumbuka. Anautazama uso wa Bi Tatu na anachokiona ni mama yake.

Nilitafuta uso wako siku zote hizo, na uliokuwa pale ni uso wa mtu anayekuona. Mimi ndiye niliyeukata.

Sasa picha nzima iko ukutani. Chini yake tumeandika: "Bi Tatu, mtani, akiwa Bi Mwanahawa mbele ya bintiye. Maziko ya Bi Mwanahawa, Bigwa." Watu wanasimama pale, wanasoma, wanarudia kusoma, wanauliza marehemu ni yupi. Dada Rehema anasema wengine hucheka na wengine huondoka wameinamisha kichwa, na kwamba ni picha pekee inayomlazimu aielezee kila siku. Mama alikwenda kuiona. Alisimama mbele yake muda mrefu, akaligusa lile goti lililoinuka kwa ncha ya kidole, akasema, "Nilikuwa mwepesi hivi," basi, akataka twende sokoni.

Siwezi kukudanganya kwamba nimetulia. Niliwaambia watu kwamba picha ni ushahidi. Huu ni ushahidi wa nini? Kwamba ulikuwepo, au kwamba ulikuwa umeshaondoka? Usiku wa mashaka yangu haujapambazuka, na mimi si mtu wa kuvumilia giza bila kupiga kelele. Lakini nimejifunga ahadi, na hii naiandika ili uwe shahidi wangu. Nitakuwa nikipanda Mgeta kila likizo, kila nafasi nitakayoipata. Nitambebea Bi Tatu kikapu, nitatukanwa, nitanywa chai yake, nitamjifunza. Na Mungu atakapomwita, nitalitoa sweta lako msumarini, nitaingia katikati ya wanawe walionyamaza, nitawafanya wacheke mpaka walie. Bega la kulia litatangulia. Mdomo nitaupangusa kwa nyuma ya mkono. Kama siku hiyo mguu wangu utachechemea wenyewe, Bibi, nijulishe ni wa nani.

Nakuacha kwa leo. Mlima umejifunga kilemba, nguo ziko kambani, na kuku wa jirani wameingia tena uani. Nainuka kuwafukuza. Sijui nitawafukuza kwa sauti ya nani.

Somo yako,
Mwanahawa